Barua kwa Mwanangu Kuhusu Alice Guy

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba katika masomo yako ya filamu mmefika kwa Alice Guy. Umeandika kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kuongoza filamu na kwamba alisahauliwa kwa muda mrefu. Yote mawili ni kweli, ila nisingependa uishie hapo, kwa sababu anayesifiwa kwa kutangulia tu huheshimiwa sana na kutazamwa kidogo. Mimi nataka umtazame.

Alizaliwa mwaka 1873 huko Saint-Mandé, karibu na Paris, katika familia iliyokuwa imehamia Chile, ambako baba yake aliuza vitabu. Baba alipofariki, binti alilazimika kutafuta riziki yake na ya mama yake. Akajifunza kupiga chapa na hati mkato, na mwaka 1894 akaajiriwa kuwa katibu muhtasi katika kampuni ya vifaa vya picha ambayo mwaka uliofuata ilichukuliwa na Léon Gaumont. Unajua kwamba kazi hiyohiyo ndiyo iliyokusomesha wewe, kwa hiyo utanielewa nikikuambia kwamba naiheshimu sehemu hii ya maisha yake kuliko wanavyoiheshimu wengi, ambao huitaja kana kwamba ni jambo la kushangaza kwa katibu kuwa na akili ya kutunga.

Machi 1895 yeye na Gaumont walihudhuria onyesho la ndugu Lumière, Wafaransa waliobuni mashine ya kupiga na kuonyesha filamu, wakaona picha za wafanyakazi wakitoka kiwandani. Wengi siku zile waliistaajabia mashine yenyewe. Alice, aliyekulia kati ya vitabu na aliyewahi kushiriki maigizo ya nyumbani, aliona kwamba mashine ile ingeweza kusimulia hadithi, na akamwomba mwajiri wake ruhusa ya kupiga michezo midogo na marafiki zake. Gaumont alikubali kwa sharti kwamba barua za ofisi zisichelewe. Hivyo ndivyo ilivyopatikana La Fée aux choux, filamu isiyofika dakika moja, ambamo mwanamke wa ajabu wa hadithini anawatoa watoto wachanga bustanini katikati ya kabichi, kama Wafaransa wanavyowahadithia watoto wao. Mwenyewe alisema aliitengeneza mwaka 1896. Watafiti wanabishana kuhusu tarehe hiyo, na nakala iliyobaki huhesabiwa kuwa ya mwaka 1900. Usipoteze muda mwingi katika ubishi huo.

Kilicho kizito zaidi ni kwamba kwa takriban miaka kumi ndiye aliyesimamia utengenezaji wote wa filamu za Gaumont. Mwaka 1906 aliongoza filamu ya maisha ya Kristo yenye matukio 25 na umati wa waigizaji wapatao 300, wakati ambapo filamu nyingi zilikuwa za dakika chache tu; ukiitazama, angalia jinsi wanawake na watoto walivyo wengi karibu na Yesu, nao wana shughuli na huzuni zao, si pambo la nyuma. Aliongoza pia filamu zaidi ya mia moja za sauti kwa mtambo wa Chronophone: mwimbaji alirekodiwa kwanza, kisha akasimama mbele ya kamera akifuatisha sauti yake mwenyewe. Wapigaji wa video za muziki huko kwenu bado wanafanya kazi kwa njia hiyo.

Lakini filamu ninayotaka uikazie macho ni Madame a des envies, ya mwaka 1906. Mwanamke mjamzito anatembea barabarani, mume wake akimfuata huku akisukuma kigari cha mtoto. Kila anapopita anashikwa na uchu: anampora mtoto peremende, anainywa pombe ya mtu aliyeketi mgahawani, anamnyang'anya maskini samaki wake, kisha anamchukulia mchuuzi kiko chake. Ni kichekesho chepesi, na angeweza kukipiga chote kwa mbali kama ilivyokuwa desturi. Badala yake, kila baada ya wizi, kamera inamsogelea mama yule, ukuta mtupu ukiwa nyuma yake, nasi tunamwona akinyonya, akinywa na kuvuta kwa raha isiyo na haya. Kwa muda huo mfupi hatumcheki tena. Tunaonja pamoja naye. Mimi niliyekubeba tumboni nakuhakikishia kwamba aliyepanga picha zile alikuwa anajua, au alikuwa amewasikiliza kwa makini wanaojua. Alice mwenyewe hakuwa bado na mtoto.

Mwaka huohuo aliongoza Les Résultats du féminisme, ambamo wanaume wanashona, wanapiga pasi na kulea watoto, huku wanawake wakiketi mgahawani wakivuta sigara na kuwasumbua wanaume wanaopita. Mwishoni wanaume wanaasi na kuuteka mgahawa. Wapo wanaosema kwamba mwisho huo unawabeza wanawake waliodai haki. Siafiki. Naona kwamba wanaume wale wanashindwa kuvumilia kwa dakika chache hali ambayo wake zao waliivumilia maisha yote, na kwamba mwongozaji amewaacha watazamaji walione hilo wenyewe bila kuwahubiria.

Aliolewa na Herbert Blaché, mfanyakazi mwenzake wa Gaumont, mwaka 1907, wakahamia Marekani, na mwaka 1910 akaanzisha kampuni yake, Solax, ambayo miaka miwili baadaye ilijenga studio yake huko Fort Lee, New Jersey. Humo aliweka bango kubwa lililowataka waigizaji wawe wa kawaida, wasijilazimishe. Utaona matunda yake katika Falling Leaves ya mwaka 1912: daktari anasema msichana mgonjwa wa kifua kikuu atakufa jani la mwisho litakapodondoka, na mdogo wake anatoka usiku bustanini kuyafunga majani kwenye matawi kwa uzi. Mtoto yule hamtazami mtu, halii kwa ajili yetu. Anafunga tu majani, kwa haraka ya mtu mwenye kazi ya kumaliza. Mwaka huohuo aliongoza A Fool and His Money, ambayo ni miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa kuwa na waigizaji weusi watupu. Itazame kwa macho makavu, maana hadithi yake imechukua dhihaka za Wamarekani wa wakati ule juu ya mtu mweusi anayepata fedha, na ustadi wa mwongozaji hauliondoi hilo.

Ndoa ilivunjika, studio ikapotea, na mwaka 1922 alirudi Ufaransa na watoto wake wawili asipate tena kazi ya kuongoza. Mwaka 1927 alikwenda kutafuta filamu zake Marekani, hata katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, akarudi mikono mitupu. Historia ya kampuni ya Gaumont iliyoandikwa mwaka 1930 haikutaja filamu zilizotengenezwa kabla ya 1907, na wanahistoria waliwapa wasaidizi wake baadhi ya kazi zake. Hapa ndipo ninapokasirika kwa dhati. Nimechapa mihtasari mingi ya mikutano, najua jinsi jina linavyoachwa kwenye ukurasa na jinsi aliyeachwa anavyogeuka kuwa mtu ambaye hakuwepo. Yeye hakukubali: alikaa akiorodhesha filamu zake kwa kumbukumbu, akiwaandikia watu barua, akisahihisha makosa yao. Ufaransa ilimpa nishani ya Légion d'honneur katika miaka ya 1950. Alifariki New Jersey mwaka 1968 akiwa na miaka 94, na kitabu chake cha kumbukumbu kikachapishwa mwaka 1976. Kati ya filamu zipatazo elfu moja, zimebaki kama 150.

Tazama kwanza Madame a des envies mara mbili, mara ya pili ukihesabu kamera inasogea lini na inarudi lini, kisha Falling Leaves. Kumbukumbu zake usome baadaye, kwa Kifaransa nilichokufundisha. Na filamu yako ya mwisho wa mwaka itakapokuwa tayari, andika mwishoni majina ya wote walioifanyia kazi, hata aliyewapikia.

Akupendaye,
Mama