Jumamosi: Johannesburg

Habari za jioni, ndugu zangu. Jumamosi hii tunazungumzia Johannesburg. Kila mmoja aje na jambo moja analolijua kuhusu mji huo.

Mimi naanza. Mji mkubwa kiasi kile, na hauko kando ya bahari wala mto mkubwa! Uliota mwaka 1886 kwa sababu ya dhahabu iliyopatikana katika shamba la Langlaagte, kwenye miamba ya Witwatersrand. Haikuwa dhahabu ya kuchekecha mtoni. Zilikuwa chembechembe ndani ya mwamba mgumu uliozama ardhini, hivyo ilitaka mitaji minene na vibarua wengi wa ujira mdogo. Wanaume wa Msumbiji, Lesotho na Malawi waliletwa kwa mikataba, wakalala makambini bila wake wala watoto.

Naomba tusiwapite hawa haraka. Mwaka 1946 maelfu yao waligoma wakidai shilingi 10 kwa siku, polisi wakawafyatulia risasi. Ile ngoma ya kupiga mabuti ya mpira nayo ilitoka kwao.

Wazulu huuita eGoli, mahali pa dhahabu. Tunaanza saa 2 usiku.