Kabla ya kununua vifaa, ijue ngozi yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wanaotaka kujifunza kazi ya ngozi kwa kujifurahisha, hasa wa hapa Tanga. Wengi huanzia mwisho. Huagiza kwa simu seti ya vyuma ishirini na tano, hufungua kifurushi, kisha ndipo huuliza ngozi inapatikana wapi. Hupewa kipande cheusi, laini, kinachong'aa. Wakikikata, kingo zinatoa manyoya, wakikisugua, hakikubali, wakikipaka rangi, inakaa juu kama vumbi. Basi huhitimisha kwamba mikono yao mizito. Mikono haina kosa. Walichonunua ni ngozi ya kazi nyingine.

Kwa anayeanza, ngozi zigawanywe mafungu mawili. Kuna iliyosindikwa kwa magome ya miti, na kuna iliyosindikwa kwa chumvi za kromu. Ya magome hupata tanini, dawa ya asili inayoizuia ngozi isioze, kutoka miti kama miwati, ile inayolimwa Njombe na kuonekana pia milima ya Lushoto. Magome ya mikoko nayo yana tanini nyingi, na enzi za Wajerumani yalisafirishwa nje kutoka delta ya Rufiji. (Hilo lisimtume mtu na panga baharini: mikoko ni hifadhi, haikatwi wala kubanduliwa gome bila kibali.) Usindikaji wa magome huchukua wiki, na kwa ngozi nene ya ng'ombe hufika miezi. Wa kromu unaweza kumalizika kwa siku moja, na sehemu kubwa ya ngozi duniani leo ni hiyo. Ni laini, haiogopi maji, inafaa jaketi, sofa na sehemu za juu za viatu. Lakini haishiki umbo, na kingo zake hazisuguliki zikang'aa. Mkanda, ala ya kisu, pochi ngumu, kifuko cha simu, makubadhi: kazi hizi zinataka ngozi ya magome.

Utaitambuaje dukani? Tazama ukingo uliokatwa. Ya magome ina rangi ya chai ya maziwa au hudhurungi mpaka katikati. Ya kromu mara nyingi ina mstari wa buluu au kijivu katikati ya unene, hata kama juu imepakwa rangi nyingine. Dondosha tone la maji upande wa uso: ya magome hulinywa na kuweka doa jeusi-jeusi linalofifia likikauka, ya kromu huliacha litiririke. Muuzaji akikubali, omba ukanda mwembamba uutumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Ya magome hujikunja na kuwa ngumu kama ukucha. Ya kromu hutoka karibu vilevile ilivyoingia. Usijaribu kwa kuchoma moto, na mabaki ya kromu usiyatie jikoni kama kuni, kwani yakiungua kromu yake inaweza kugeuka sumu.

Neno "ngozi halisi" lisikushughulishe. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na muuzaji ni hivyo hivyo. Reksini, yaani ngozi bandia, ina kitambaa cha wavu mgongoni. Kata kona uione. Iko pia ngozi ya chini iliyopasuliwa kutoka kwenye ngozi nene na kupakwa plastiki juu. Ni ngozi kweli, ila haina ule uso wenye nyuzi zilizoshikana, na ukiikunja mara nyingi plastiki hubanduka kama ganda la kitunguu.

Baada ya aina, uliza sehemu ya mwili. Ngozi ya mgongo imeshikana na haivutiki. Ya tumbo ni legelege. Mkanda uliokatwa tumboni hurefuka baada ya miezi michache na kujipinda kama nyoka. Kata mikanda sambamba na uti wa mgongo. Tumbo likupe bitana na vipande vya mazoezi. Ngozi za ng'ombe wetu zina makovu mengi: chapa za moto, kupe, miiba, na mikato ya kisu cha mchunaji upande wa nyama. Kwa kiwanda hiyo ni hasara, kwako ni nafuu, mradi upange vielelezo vyako vya karatasi kuyakwepa. Mikato ya mchunaji ndiyo ya kuogopa. Haionekani usoni, lakini mkanda hukatika hapohapo. Kunja ngozi, pitisha kidole upande wa nyama, na mahali unapohisi mfereji usikate hapo.

Unene: milimita 1 hadi 1.5 kwa pochi, 2 hadi 3 kwa kishikio cha funguo, 3.5 hadi 4 kwa mkanda wa suruali. Wanaoanza hupenda nene wakidhani ndiyo imara. Pochi ya milimita 3 haikunjiki, na ikikunjika haifungiki.

Vifaa havizidi kiganja: kisu cha wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea), sindano mbili butu, uzi wa poliesta au kitani uliotiwa nta, kitobozi cha meno manne, kitobozi cha tundu la duara, nyundo ya mbao, msasa, gundi. Nyundo ya chuma huvipasua vitobozi vichwa. Kitobozi cha meno kikikosekana, uma wa zamani wa mezani ukichongwa meno kwa tupa hutosha kuweka alama, kisha msharasi utoboe. Ukisogeza kitobozi, rudisha jino la mwisho kwenye tundu la mwisho, la sivyo nafasi zitapishana na mshono utaonekana umelewa.

Jambo moja kuhusu uzi, kwa sababu tuko kwenye mji wa mkonge: katani ni nzuri kwa kamba na magunia, si kwa kushonea pochi. Nyuzi zake ni ngumu na zinakwaruza. Zinakereza tundu kama msumeno na kukatika penye kona.

Sasa mshono wenyewe, kwani hapa ndipo kazi ya mkono inapoipita mashine. Mashine hutumia nyuzi mbili zinazokutana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mshono unaanza kufumuka. Mshono wa mkono ni uzi mmoja wenye sindano kila ncha, na sindano zote mbili hupita kila tundu. Ukikatika upande mmoja, wa pili bado umeshika.

Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono. Kwa sentimita 20, sentimita 80. Bana ngozi katikati ya mbao mbili zilizofungwa kwa bolti, uso ukiangalia kulia. Tundu la kwanza, pitisha sindano moja, vuta mpaka uzi ulingane pande zote. Tundu la pili, sindano ya kushoto ipite kwanza. Inapotokeza kulia, weka sindano ya kulia nyuma yake mfano wa msalaba, vuta ya kushoto itoke, kisha ingiza ya kulia katika tundu hilohilo huku ukiuvuta uzi wa kwanza nyuma kidogo ili usichomwe. Kabla ya kukaza, vuta ule uzi wa kwanza mbele na nyuma. Ukiteleza, sawa. Ukigoma, sindano imepita ndani yake; itoe sasa hivi, kwani mbele huwezi kuirudisha bila kufumua. Kaza pande zote kwa nguvu ileile, uende tundu la tatu kwa mpangilio uleule. Ukibadilisha sindano inayotangulia hata mara moja, mishono itaacha kulala upande mmoja na jicho litaiona kwa mbali. Mwishoni rudi nyuma matundu mawili au matatu, kata, na kama ni poliesta yeyusha ncha kwa njiti ya kiberiti.

Matundu yakae milimita 3 hadi 4 kutoka ukingoni, na nafasi ya milimita 4 kati yao inatosha kazi nyingi. Ukikaribia mno ukingo, uzi hukata ngozi kama waya unavyokata jibini.

Gundi ya viatu hutangulia mshono, na hukosewa kwa haraka. Hupakwa pande zote mbili, huachwa mpaka isishike kidole, ndipo pande hukutanishwa na kugongwa. Maandishi ya kopo yakisema dakika 10, siku ya unyevu hapa pwani ngoja 15 au 20. Fungua dirisha, mvuke wake si wa kuchezea.

Kazi ya kwanza iwe kishikio cha funguo, ya pili mkanda. Mkanda unafundisha kila kitu kwa mstari mmoja ulionyooka. Pima kiuno juu ya suruali kupitia vitanzi vyake, usiamini namba iliyoandikwa kwenye lebo. Tuseme ni sentimita 90: hiyo ndiyo umbali kutoka kunjo la bizimu hadi tundu la kati. Ongeza 8 za kukunja kwenye bizimu na 17 za mkia, upate 115. Matundu matano, nafasi ya sentimita 2.5, la kati likiwa kwenye 90. Tundu la ulimi wa bizimu ni refu: toboa matundu mawili ya duara umbali wa sentimita 2.5, kata kati yake mistari miwili sambamba. Makubadhi yanavutia, na Tanga nani asiyeyapenda na kanzu, lakini yaache yawe kazi ya tano au ya sita. Soli za tabaka, mipasuo ya kupitishia kanda na jasho la mguu vinataka mkono uliozoea.

Ngozi ya magome ina adui mmoja anayeishi kila nyumba ya pwani: chuma. Ikiwa na maji na kuguswa na chuma, tanini hugeuka nyeusi palepale. Meza ya bati, rula yenye kutu, vidole vilivyotoka kushika nyundo, vyote huacha madoa ambayo mwanafunzi hudhani ni uchafu na kuyasugua bure. Doa bichi hupungua kwa maji ya ndimu, kisha kusuuzwa. Kinga ni kuuchoma msharasi kwenye bonge la nta ya nyuki kila baada ya matundu machache; huteleza vizuri na haushiki kutu. Ubaya huohuo una faida. Tia misumari yenye kutu kwenye siki, acha chupa bila kukaza kifuniko kwa wiki moja, chuja, paka. Ngozi ya magome itakuwa nyeusi kweli, rangi isiyohama kwenye kanzu. Suuza na maji yenye kijiko cha magadi ya kuokea ili kuua ukali wa siki, kisha tia mafuta. Ngozi ya kromu ukiipaka maji hayo hutaona kitu, na hicho nacho ni kipimo.

Wahenga waliposema ngozi ivute i maji walijua. Kifuko cha kisu au simu hupewa umbo kikiwa na unyevu: lowesha kwa sponji, ngoja rangi irudi karibu na ya mwanzo lakini ngozi ikiwa bado baridi ukiigusisha shavuni, ndipo ubonyeze. Ikiwa chapachapa haishiki alama. Na usiikaushe juani, itapasuka.

Kingo: punguza pembe kwa kisu, piga msasa namba 220 kisha 400, lowesha kidogo, sugua haraka kwa kitambaa kigumu mpaka paote joto na mng'ao. Kipande cha tanga kuukuu la pamba kutoka kwa wavuvi hakina mfano. Seremala akikuchongea kijiti cha mpingo chenye mfereji, umemaliza.

Mafuta ni kidogo, kwa kitambaa, mara moja au mbili. Mafuta ya nazi kwa joto letu hayagandi, yakizidi hutokeza tena na kuchafua nguo. Sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, iachiwe madau. Mafuta yanayopendwa zaidi kwa ngozi hukamuliwa miguu ya ng'ombe, ndugu wa yale yanayoelea kwenye supu ya makongoro, lakini usiende na kikopo kwa muuza supu: yale yana chumvi na yatachacha.

Msimu wa masika, ukungu hauepukiki kwa ngozi iliyofungiwa mfuko wa plastiki. Itundike mahali penye hewa au izungushie kitambaa cha pamba. Ikiota ukungu, ifute nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, ikae kivulini ikauke, ndipo itiwe mafuta upya.

Kwa wanaosubiri Idi ya kuchinja waanze na ngozi za mbuzi: ngozi mbichi ni kazi nyingine kabisa. Inataka chumvi ya mawe karibu nusu ya uzito wake ndani ya saa chache, la sivyo kesho manyoya yanang'oka kwa kuoza. Na ngozi iliyokaushwa ikawambwa ngoma haijasindikwa. Ikilowa, inarudi ubichi.

Ombi langu ni kwa wanaouza ngozi Ngamiani na kwingineko. Andikeni mambo matatu kwenye kila kipande: imesindikwa kwa nini, ina milimita ngapi, imetoka sehemu gani ya mnyama. Kalamu na karatasi vinatosha.

Msomaji wenu,
Fundi wa ngozi, Ngamiani, Tanga