Mbona hanga lenu bei kubwa kuliko godauni?

Wiki iliyopita mteja katuma voisi ndefu WhatsApp anasema tumemwibia. Kisa kapewa bei ya godauni na fundi mwingine, upana uleule, bati zilezile geji 28, hanga letu, yaani banda la kulaza ndege, likaja karibu mara mbili. Hii lawama haiishi hapa karakana kwetu Arusha kwa hiyo leo naijibu yote, na bosi wangu wa ile voisi naomba usome mpaka chini, sijakasirika, imeniuma tu.

Godauni ukiweka nguzo katikati nani anajali? Ndege haitaki nguzo. Cessna Caravan bawa hadi bawa ni mita 15.88 na mkia unapanda kama mita 4.7, yaani mbele pote pabaki wazi na kenchi ya juu ya mlango ibebe yenyewe bila kushikwa chini na kitu. Ikipinda kidogo tu inakaba mlango, utaita vijana sita wasukume kila asubuhi.

Halafu reli za kutelezea mlango. Kila mtu lazima aulize "haya machuma yanayotokeza nje ya ukuta kushoto na kulia ya nini, si myakate?" Jamani, mlango wa kusukuma ukifunguliwa unaenda wapi? Kuna mzee alikataa kuzilipia, akaenda kwa mwingine, akajengewa hanga la mita 18 milango miwili inapishana humohumo. Ukifungua mmoja unajificha nyuma ya mwenzake, uwazi unabaki mita 9. Caravan yake ikalala nje masika nzima, vioo vimefunikwa turubai, hanga lipo tupu pembeni. Akatuita, tukavunja zege la ubavuni, tukachimba nguzo za kushika reli, milango tukaisuka upya. Mlango mmoja kaulipia mara mbili.

Msingi ndo nagombana nao zaidi. Wa godauni unabeba uzito basi. Hanga mlango ukiwa wazi upepo unaingia hauna pa kutokea, unasukuma paa kwa ndani, na juu ya bati nako unalivuta, sasa lile zege chini kazi yake ni kulizuia jengo lisinyanyuke. Mwaka fulani niliitwa kuangalia hanga moja (sio kazi yetu) baada ya upepo wa Agosti. Nguzo ya kona nati zote zimekaza, rangi haijabanduka hata, ila zege limeng'oka na bolti zake kama jino na mizizi. Nilipiga magoti nikapitisha mkono mzima chini yake. Shimo lilikuwa halifiki goti! Mwenye hanga ananiambia fundi alisema panatosha, juu si kuna bati tu.

Kwa hiyo ukiona zege nyingi kwenye bei yetu ujue hatujaongeza hela ya soda. Rangi tutaongea, ofisi ya pembeni tutapunguza, sakafu anza hata na sehemu ya ndege tu. Msingi, mlango na vyuma vya mkingamo, vile vya mshazari vinavyozuia jengo lisiyumbe, havishuki.

Ukitaka bei tutumie aina ya ndege uliyonayo na ile unayopanga kununua, maana wengi wanaanza na Cessna 172 ya mita 11 halafu wanaleta Caravan. Na usichimbe kitu uwanjani kabla mchoro wenye kimo cha jengo haujapita TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, huo mchoro tunakuandalia bure.