Risala ya Wanachama wa Elimu ya Anga kwa Mgeni Rasmi, Malindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, assalamu alaikum, na karibuni nyote.

Tumeomba nafasi hii tukueleze jambo moja lililotukosesha usingizi msimu huu wa kaskazi, nalo ni galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, iitwayo Centaurus A, iliyo katika kundinyota la Kantarusi, upande wa kusini. Iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 12, na mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Wataalamu wengine huihesabu pamoja na galaksi zenye umbo la adesi, yaani zilizonenepa katikati na kuwa bapa ukingoni, zisizo na mikono iliyojiviringisha. Wengine husema ni duaradufu, na sisi, kwa darubini tuliyo nayo, hatukuthubutu kuamua.

Mtaalamu wa nyota James Dunlop aliiona mwaka 1826 akiwa Parramatta, Australia. Sisi tuliiona mwezi wa Februari, saa kumi na nusu alfajiri, kabla mawingu ya masika hayajaanza. Ule mkanda mweusi wa vumbi tuliouzoea vitabuni haukuonekana; lilikuwepo doa hafifu, mfano wa pumzi juu ya kioo, ambalo ukilikodolea macho hupotea na ukitazama kando kidogo hurudi. Mwenzetu mmoja alidhani ni uchafu, akaifuta lenzi mara mbili.

Mheshimiwa, galaksi hiyo ina udugu na bahari yetu. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la kurushia roketi lililo baharini mbele ya Ngomeni, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, nayo ikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru. Hewa ya dunia huizuia miale hiyo, ndiyo maana chombo kilibidi kipande juu. Miongoni mwa vitu ilivyovinasa ni Centaurus A, ambayo kitovuni mwake mna shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata nuru haiponyoki, lenye uzito wa mamilioni ya majua, na gesi inayovutwa humo huchemka hadi kutoa eksirei.

Ombi letu ni dogo. Taa ya ulinzi iliyo juu ya paa la bweni humwaga mwanga wake angani, upande uleule wa kusini. Tunaomba utusaidie ipate kofia ya bati, imulike chini kwenye lango. Ikishafungwa, tunakualika alfajiri moja ya kaskazi, na kahawa tutaitia tangawizi sisi wenyewe.