Kabla ya boti, kina mama wa mwani wafundishwe kuogelea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu kilimo cha mwani, hasa huku pwani ya mashariki ya Unguja, ambako Paje na Jambiani walianza kulima mwani wa biashara mwaka 1989.

Wakulima wengi ni kina mama. Kwa miaka mingi kazi ilikuwa hiyohiyo: maji ya bamvua yakipwa, unashuka na vijiti, kamba na taitai (vijikamba vya kufungia), unafunga mbegu, unangoja wiki sita hivi, unavuna. Aina ya mwani yenye bei ilikuwa kotonii. Sasa kotonii kwenye maji madogo imekataa. Kaskazi ikishika, jua likawa kali na maji yamekomea magotini, ukitia mguu shambani utadhani umekanyaga chai. Matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika, wimbi linachukua. Imebaki aina nyingine, spinosamu, inayovumilia zaidi, lakini nayo siku hizi inaoza, na ikisalimika bei yake ni ya kusikitisha.

Wataalamu wanasema tuhamie maji makubwa, ambako joto halipandi hivyo. Sina ubishi nao. Ninachoshangaa ni utaratibu. Boti za miradi zinakuja kwanza, na hotuba, na picha. Kina mama wengi wa mwani hawajui kuogelea, ingawa wamezaliwa hatua chache kutoka baharini; walizoea kwenda shambani kwa miguu. Ukimpakia mtu huyo kwenye boti bila jaketi okozi, ukamwambia kalime penye kina, atafanya nini? Atamtafuta kijana wa kuzamia na mwingine wa kushika mashine, na atawalipa wote wawili pamoja na mafuta. Mama aliyesomesha watoto kwa kamba zake anageuka abiria wa shamba lake mwenyewe. Boti ikikosa mafuta inavutwa ufukweni, tunaambiwa wanakijiji hawana mwamko.

Wapo wanaosema mila hairuhusu mwanamke kuogelea. Waende Nungwi: huko wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa na mavazi yanayositiri mwili mzima, na walimu wa kike wamepatikana. Mila haijavunjika.

Joto la bahari hatukulileta sisi tunaofunga mwani, ila hasara tunabeba sisi. Kwa hiyo mradi wowote wa uchumi wa buluu, yaani uchumi wa bahari, unaotaka kumpa mkulima boti uweke kwenye bajeti, kabla ya boti yenyewe, mwalimu wa kuogelea, jaketi okozi kwa kila atakayepanda, na mafuta ya msimu mmoja hadi mavuno ya kwanza yauzwe. Wanunuzi nao watangaze bei kabla mbegu haijafungwa.

Na mafunzo yapangwe wakati wa maleleji, bahari ikiwa imetulia. Kusi likishavuma, upande wetu huu hata wavuvi huchagua siku ya kutoka.

Msomaji wako,
Jambiani, Kusini Unguja