Kiwanja cha Itigi msikiuze kwanza

Dodoma Makulu

Mpendwa Mama Shani,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Watoto wazima, Mama naye anajikongoja na miguu yake lakini hajambo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia tena usiku walipolala, nikaona nikuandikie kwa kirefu maana jambo lenyewe si la kujibiwa kwa maneno mawili.

Unasema mmesikia kuna dawa mpya ya ugonjwa wa akili Marekani isiyokakamaza mwili, na shemeji ameshaanza kukitafutia mnunuzi kile kiwanja ili Juma aagiziwe. Nakuomba mwenzangu, kiwanja kiacheni kwanza. Dawa si uzushi, ipo, na mimi ninayeshinda dirishani nikigawa dawa nimeifuatilia kwa hamu kwa ajili ya kaka Daudi, naye mgonjwa wa akili. Ila si dawa ya Juma kwa sasa.

Inaitwa Cobenfy, na iliidhinishwa Marekani tarehe 26 Septemba 2024. Tangu klopromazini, dawa ya zamani ya wagonjwa hao, ianze kutumika kwa wagonjwa wa akili kule Paris mwaka 1952, karibu dawa zote za kutuliza sauti na mawazo ya kutisha zimepita njia moja, yaani kuziba vipokezi (milango) vya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Na dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia mwili kwenda sawasawa. Ukiiziba ili kichwa kitulie, mikono nayo inakaza, udenda unatoka, mtu anashindwa kukaa mahali pamoja. Hayo ndiyo unayoyaona kwa Juma, Mama Shani. Si ugonjwa unaozidi, wala si mtu kamroga.

Hii mpya inapita kwingine. Ndani yake mna vitu viwili. Cha kwanza, zanomelini, huamsha vipokezi vya muskarini, milango ya aina nyingine kwenye ubongo, na kwa kupitia huko dopamini iliyozidi inatulizwa bila kuzibwa. Kampuni ya Eli Lilly iliijaribu miaka ya 1990 kwa wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer, na waliokuwa wakisikia sauti walipata nafuu, lakini kutapika na kutoka jasho kukawashinda, ikawekwa kando. Miaka ikapita, wengine wakaichanganya na trospiumu, dawa ya kibofu ambayo haipenyi ubongoni kwa urahisi. Basi trospiumu inakinga tumbo, zanomelini inaachwa ifanye kazi yake kichwani. Nilipolielewa hilo nilifurahi mno. Dawa iliyotupwa ikarudi kwa sababu kuna watu hawakukata tamaa nayo!

Katika jaribio mojawapo walikuwamo watu 252 kwa wiki tano. Wenye dawa walishuka alama 21 kwenye kipimo cha dalili, na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani walishuka karibu 12. Ni nafuu ya kweli. Lakini hao wote walikuwa na skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo. Juma ameandikiwa baipola, ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi kisha kushuka, na kwa baipola dawa hii bado iko kwenye majaribio. Nawe ulisema mngemwongezea juu ya anazomeza sasa. Hilo nalo lilijaribiwa, kuiweka juu ya dawa za zamani kwa wagonjwa wa skizofrenia, na majibu yaliyotoka Aprili 2025 hayakufikia lengo. Tena ilipotoka, bei yake kule ilikuwa kama dola 1,850 kwa mwezi, zaidi ya shilingi milioni 4. Kiwanja kingeliwa na miezi michache tu, halafu je? Na inamezwa mara mbili kwa siku tumbo likiwa tupu, inaleta kichefuchefu na kufunga choo, mwenye ini bovu haruhusiwi kabisa. Dawa ya namna hiyo haitumwi kwenye begi la msafiri. Inataka daktari anayemwona mgonjwa na kumpima.

Kinachoniogopesha hasa ni lile ulilolisema mwishoni, kwamba Juma ameanza kuziruka dawa zake za sasa za haloperidoli "akisubiri ya Marekani". Hapo tafadhali simama imara.

Daudi alipokuwa kwenye dozi kubwa ya haloperidoli hakuweza kupogoa zabibu. Mkasi aliushika, lakini vidole havikufunguka tena baada ya kukata. Ilibidi auvue kwa mkono wa pili, kitawi kimoja baada ya kingine, na mate yakidondokea shati. Alikuwa akilia kwa aibu. Hatukumwachisha. Tulimpeleka kliniki pale Mirembe, hospitali ya akili ya hapa Dodoma, tukaeleza yote, hata ya mate na ya vidole. Daktari akapunguza dozi, akampa Artane, dawa ya kulegeza mkazo, kwa muda, kisha akamhamishia polepole dawa nyingine iitwayo olanzapini. Amenenepa, ndiyo, sasa tunapima sukari na kupunguza ugali wa usiku. Lakini msimu uliopita alipogoa safu zake mwenyewe tangu asubuhi hadi jua lilipokuwa kali, na mkasi ukifunguka.

Kwa hiyo mpeleke Juma akaonwe wiki hii, msingoje tarehe ya kliniki. Mweleze daktari mikono inavyokaza na tangu lini, na umwambie kweli siku alizoruka dawa. Wewe nyumbani angalia usingizi wake kuliko kitu kingine. Akilala kwa muda wa saa mbili tatu tu akaamka hana uchovu, akaanza kukopakopa na kupanga biashara kumi kwa pamoja, usiseme amechangamka, mwahi mapema. Na wale wanaokwambia Mirembe ni mahali pa kutupa watu wasikusumbue. Hospitali ile ipo tangu 1927, na wengi wanaoingia getini asubuhi wanarudi makwao mchana na dawa mkononi, kama Daudi wetu.

Majaribio ya baipola nitaendelea kuyafuatilia, na siku yakitoka majibu nitakupigia hata kama ni usiku. Kwa sasa nipigie picha pakiti za dawa zote za Juma, na kile cheti cha kliniki pande zote mbili, unitumie kabla hamjaenda. Mkikosa nauli semeni, tutachangiana. Shemeji mwambie namsalimu sana na asiniwekee kinyongo.

Wako akupendaye,
Mama Neema