Barua kwa mpwa wangu anayejibu kwamba yuko kwenye "mambo ya mazingira"

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu zimefika, na lile swali ulilolisukumia mwisho wa ujumbe, kana kwamba ni la kupita tu, nimeliona. Mtu mwenye mkono wa kuchora kama wako, ni haki kweli ashinde mwaka mzima akinyonya makaro ya vyoo? Nimesikia pia kwamba ukiulizwa unafanya kazi gani, unajibu uko kwenye "mambo ya mazingira". Si uongo. Ila ni kufunika shimo bila kulitapisha.

Nakujibu hadharani, bila jina lako, kwa sababu swali hili wanalo wengi. Ndani yake mna mafundo matatu kwenye kamba moja: wewe una thamani gani, moyo wako unapenda nini, na uchafu wa watu atautoa nani. Ukivuta fundo moja kwa pupa, mawili yaliyobaki yanakaza. Anayekwambia "fuata moyo wako" hasemi karo litanyonywa na nani. Anayekwambia "kazi ni kazi" mara nyingi ni yule ambaye kazi hiyo haijamgusa. Wote wawili wanataka mazungumzo yaishe upesi.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu naona unaitazama kwa jicho la mpita njia aliyeziba pua.

Kinyesi kikioza mahali pasipo hewa hutoa gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo sana, hata chini ya sehemu 1 katika milioni ya hewa, pua huinasa: ni harufu ya yai viza. Ikikaribia sehemu 100, pua hufa ganzi baada ya dakika chache na harufu hupotea. Hapo ndipo asiyejua husema "sasa pametulia", akashuka. Ikivuka 700 mtu huanguka muda si mrefu, na kwenye 1,000 pumzi moja au mbili zinatosha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala chini. Methani, gesi nyingine itokayo humo humo, ni nyepesi, hupanda, na ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa hulipuka kwa cheche moja ya sigara. Shimo lile lile, sumu chini, moto juu.

Ndiyo maana kipima gesi hushushwa kwa kamba kabla ya mtu, na kusomwa juu, katikati na chini. Oksijeni huangaliwa kwanza: hewa ya kawaida ina asilimia 20.9, na chini ya 19.5 haingii mtu. Kisha gesi za kulipuka, kisha za sumu. Kusoma mara moja hakutoshi. Tope lililotulia hushikilia gesi kama soda iliyofungwa. Ukilikoroga kwa mti au kwa buti, gesi inafumka. Kwa hiyo kipimo hubaki kifuani mwa aliyeshuka muda wote, mashine ya kupuliza hewa safi haizimwi, na juu ya chemba kuna mtu ambaye kazi yake ni moja tu, kumtazama mwenzake. Huyo hashuki hata akisikia kilio. Humvuta mwenzake kwa winchi iliyofungwa kwenye stendi ya miguu mitatu na kuunganishwa na mkanda wa mwili. Ajali nyingi za mashimo haya huua wawili au watatu kwa sababu wa pili aliruka kumwokoa wa kwanza. Kumzuia mwenye huruma asiruke ni ujuzi mgumu kuliko kuendesha pampu.

Na pampu nayo si kubonyeza swichi. Watu hudhani inavuta. Ukweli ni kwamba uzito wa hewa ndio unaolisukuma tope ndani ya mpira baada ya pampu kuondoa hewa kwenye tangi. Kwa sababu hiyo, hata pampu kamilifu haiwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, na tope ni zito kuliko maji. Gari likikaa mbali na shimo likiwa la kina, utanguruma mchana kutwa na hakuna kinachopanda. Tope likiwa zito, mwenye uzoefu hupiga maji ya nguvu kwanza kulilainisha, au huinua mdomo wa mpira kidogo uingize hewa, tope likapanda vipande vipande. Nguo, pedi na mifuko ya plastiki huvuliwa kwa kulabu kabla ya yote, la sivyo mpira unaziba na kuuzibua ndiko kunakomrushia mtu uchafu usoni. Kisha ukifika chini, usitafute sifa ya kuacha shimo jeupe. Shimo lisilojengewa hushikiliwa kuta zake na kile kilichomo; ukilimaliza lote linaweza kuporomoka. Na karo lililojengwa mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, likiachwa tupu linaweza kuelea na kung'oa mabomba.

Sasa niambie ni kazi gani ya ofisini inayomtaka mtu ajue haya yote kabla ya saa nne asubuhi.

Lakini usinielewe vibaya. Sikuambii kazi hii ni tamu. Inanuka, inaumiza mgongo, mayai ya minyoo hukaa hai kwenye udongo kwa miaka, na jeraha dogo kwenye maji machafu laweza kuleta homa mbaya. Kuna watu wanaodhani kumheshimu mzoa taka ni kumpamba kwa majina: "shujaa", "mtaalamu wa usafi", "balozi wa mazingira". Majina hayo hayazibi glavu zenye tundu.

Kumbuka yaliyotokea Memphis, Marekani, mwaka 1968. Tarehe 1 Februari wazoa taka wawili walijikinga na mvua ndani ya sehemu ya nyuma ya gari lao la taka. Mtambo wa kukandamiza taka ukajiwasha, ukawaua. Siku chache baadaye wenzao wapatao 1,300, karibu wote weusi, wakagoma. Mabango waliyoyabeba hayakusema kazi yao ni nzuri, wala kwamba wanaipenda. Yaliandikwa "I AM A MAN", yaani mimi ni mtu mzima, mwanamume, si kijana wa kutumwa. Walichodai mezani kilikuwa mshahara, chama cha wafanyakazi na usalama. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, akauawa katika mji huo tarehe 4 Aprili. Makubaliano yalifikiwa siku 12 baadaye.

Tazama mpangilio wao. Utu walioutaja haukutokana na kazi. Ulikuwepo kabla ya kazi, na kwa jina lake wakadai kazi irekebishwe. Wewe umeugeuza: unasubiri kazi ikupe ruhusa ya kujiona mtu. Hata ukiwa mchoraji mashuhuri mpangilio huo utakutesa, maana wiki ambayo hakuna anayenunua picha utaamka ukiwa si kitu.

Kuna kipimo kidogo cha kujua kama unaikimbia kazi au unaikimbia aibu. Andika karatasini mambo kumi yanayokukera. Mbele ya kila moja jiulize: lingenikera hata kama hakuna anayeniona? Mgongo, ndiyo. Mshahara unaochelewa, ndiyo. Jirani anayekunja pua, hapana. Yakibaki matatu tu ya aina ya kwanza, shida yako haitaondolewa na kazi mpya. Yakibaki manane, tafuta mlango, na usimwonee haya mtu.

Twende kwenye mapenzi ya kuchora. Hapa nina neno linaloweza kukuudhi. Mwaka 2018 watafiti watatu, Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton, walichapisha utafiti kuhusu watu wanavyoyaona mapenzi ya fani. Walioamini kwamba mapenzi hayo yapo tayari ndani ya mtu, yakisubiri kugunduliwa, walipoa haraka zaidi walipokutana na sehemu ngumu kuliko walioamini kwamba hukuzwa. Ina mantiki. Ukidhani ni hazina iliyozikwa, ukigonga mwamba unasema nimechimba pasipo. Ukidhani ni mche, ukinyauka unauliza maji.

Ukipenda boga, penda na ua lake. Kuchora kwa malipo kuna ua lake: kumsikiliza mteja asiyejua anachotaka, kubadilisha rangi mara ya tano, kudai fedha. Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, jipe wiki 12, saa 6 kila wiki kwa siku zisizobadilika, jumla saa 72. Usizipange jioni ya siku ya makaro mazito. Mwili uliochoka utakudanganya kwamba kipaji kimekwisha. Ndani ya muda huo fanya kazi tatu za kulipwa kwa watu wasiokujua. Ndugu na marafiki hawahesabiki, wananunua kwa upendo. Kila kazi iwe na tarehe ya kukabidhi, nusu ya malipo ichukuliwe mwanzoni, na iandikwe kwamba marekebisho ni mara mbili, zaidi ya hapo yanalipiwa. Usipoyaandika, ya tatu itazaa ya nane.

Kwenye daftari weka safu mbili: saa ulizochora, na saa ulizotumia kwa mengine yote. Mwisho gawa fedha zote kwa saa zote, si zile za kuchora peke yake. Wengi hukosea hapa, na ndiyo sababu wanashangaa wana wateja tele na mfuko mtupu. Kisha jibu kwa unyofu: ile safu ya pili, unaweza kuiishi miaka kumi? Kama ndiyo, anza kupunguza zamu. Ukifika miezi sita mfululizo kuchora kunalipa angalau nusu ya mahitaji yako, na una akiba ya miezi mingine sita, ondoka. Kama hapana, endelea kuchora bila kudai kuchora kukulishe. Kuna mapenzi yanayokufa siku yanapokabidhiwa kodi ya nyumba, na kuyaepusha na mzigo huo si kushindwa.

Utaniuliza: kila mwenye kipaji akiondoka, atabaki nani? Swali zuri, lakini si deni lako peke yako. London mwaka 1858 joto lilifanya uvundo wa mto Thames ulivamie bunge lenyewe, na ndipo fedha zikapatikana haraka. Mhandisi Joseph Bazalgette alijengewa jina kwa mifereji mikuu ya maji taka yenye kilomita zaidi ya 130. Kipindupindu kilipopiga tena mwaka 1866, kilichagua mashariki ya jiji, sehemu ambayo mfumo wake ulikuwa haujakamilika. Watu wachache hukumbuka kwamba mifereji ile ilichimbwa, ikajengwa na ikaendelea kuzolewa kwa mikono ya maelfu wasio na sanamu popote. Jamii inaihitaji kazi hii zaidi ya inavyohitaji nyingi zenye viyoyozi.

Basi jamii ilipe. Kwa maoni yangu mpangilio uwe huu: kwanza mashine ifanye kila inachoweza, ili mtu asishuke kabisa pale mpira unapofika. Pili vifaa, chanjo za homa ya ini na pepopunda, na maji ya kuoga kazini ili ovaroli lisifike nyumbani. Tatu malipo yapande na zamu zifupishwe. Wapo wanaopendekeza tuzungushane, kila raia na wiki yake. Linasikika kama haki mpaka unapokumbuka pua inayokufa ganzi kwenye sehemu 100. Mwenye zamu ya wiki moja hatarudi nyumbani.

Jambo moja zaidi. Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika mwaka 2001 kuhusu wafanya usafi wa hospitali: baadhi yao walijiona kuwa sehemu ya kuwaponya wagonjwa, wakaongeza kazini mambo ambayo hakuna aliyewaagiza. Ni kweli, namna hiyo ya kutazama inasaidia. Itumie ukiichagua mwenyewe. Bosi akianza kukuhubiria maana ya kazi siku uliyoomba buti mpya, jua hotuba imechukua nafasi ya buti.

Sasa ombi langu. Wanaoanza kazi yenu huelezwa kwa mdomo, na maneno husahaulika. Chora chemba iliyokatwa ubavu: methani juu, sumu chini, kipimo kikishuka kwa kamba, mtu mmoja nje akiwa na winchi, na mstari mwekundu unaoonyesha asipotakiwa kuvuka. Iwe kubwa ya kubandikwa mlangoni mwa gari. Mkikubaliana, walipe, ihesabu kama kazi ya kwanza kati ya zile tatu.

Na kesho asubuhi, kabla ya kutoka, kijaribu kipima gesi kwa gesi ya majaribio. Kisipolia, siku hiyo hashuki mtu.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako